Miaka Yangu Chini ya Viti

Nimestaafu. Najua neno hilo linawachekesha watu, maana ndevu zangu bado hazijajaa na mama yangu bado ananiuliza kama nimekula. Lakini daktari mmoja wa kule Ibanda alilishika goti langu la kulia, akalikunja, akalikunjua, akalisikiliza linavyolia, kisha akasema: "Wewe uko kijana, lakini hii goti iko ya muzee. Iache ipumuzike." Basi goti likastaafu, na mimi nikalifuata, kwa sababu tunaishi pamoja.

Ninyi wawili mlioshika nafasi yangu kwa Maman Zawadi mlinikuta kwenye meza yangu ya sukari na sabuni, mkaniomba niwafundishe kazi. Kulikuwa na wateja, nikaona haya, nikasema nitawaandikia. Hii ndiyo ile ahadi. Imechukua muda, maana kalamu kwangu ni nzito kuliko kiti.

Kazi yenyewe mnaijua. Maman Zawadi anakodisha viti vya plastiki, turubai na sufuria kubwa. Mtu akifiwa, akiozesha, mtoto wake akipata komunyo, anakuja kwake. Na kwa kuwa mtaa wetu wa Cimpunda umepanda mlima nyumba juu ya nyumba, gari linaishia barabarani, na hapo linapoishia ndipo kichwa cha mtu kinapoanza.

Nilianza nilipomaliza darasa la sita, wakati nyumbani hapakuwa na njia ya kuendelea. Mama alinipeleka mwenyewe. "Huyu hasemake sana," alimwambia Maman Zawadi, kama mtu anayeuza mbuzi na kutaja kilema chake mapema.

"Viti nayo haisemake," Maman Zawadi akajibu. "Batasikilizana."

Akanikabidhi kwa Papa Kalisto, mkubwa wa wabebaji. Shingo yake ilikuwa imezama kati ya mabega, na mpaka leo sijui kama alizaliwa hivyo au ni viti vilivyomgongomea humo. Alinifunga ngata ya kitenge kichwani, akanizungusha kama fundi anayepima kanzu, akaniwekea kiti kimoja. Kimoja tu. Wavulana waliokuwa barabarani wakacheka. Nami nilijiona nimetukanwa, maana nilikuwa nimebeba maji ya nyumbani tangu utoto. Nikapanda mlima kwa hasira, nikateleza kwenye tope, kiti kikashuka peke yake mpaka kwa muuza makaa.

Papa Kalisto hakucheka. "Kiti moja inaangusha mutu kuliko kumi," akasema. "Ile kumi unaiogopa."

Hilo ndilo somo la kwanza, na sina bora kuliko hilo. La pili: mvua ikinyesha, vua viatu. Vidole vya miguu vinajua tope. Viatu vinajua duka tu. La tatu: mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuka wala kuinama, kwa hiyo lazima apaze sauti ili watu wampishe. Hapo mimi nilishindwa kabisa. Papa Kalisto alikuwa anapiga kelele "Njia, njia, baba mukwe anapita," na watu wanaruka pembeni wakicheka. Mimi nilikuwa nasema "samahani" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, halafu ninamgonga mtu kwa miguu ya kiti.

Baada ya mama mmoja kunifukuza na mwiko, Papa Kalisto alininunulia filimbi ya refa. Nikapanda nayo mdomoni nikiipuliza kwenye kila kona. Ilinisaidia sana, ila nilipopita karibu na uwanja wa watoto mpira ulisimama, timu mbili zikaanza kugombana juu ya kosa ambalo hakuna aliyelitenda. Niliwasikia wakibishana mpaka nilipofika juu. Mnaweza kuitumia filimbi hiyo, iko kwenye msumari nyuma ya sufuria. Msiipulize karibu na uwanja.

Sasa vifaa. Chini ya kila kiti cha Maman Zawadi kuna doa la rangi nyekundu. Kigeuzeni mkione kabla ya kukibeba, maana kwenye sherehe kubwa viti vya wakodishaji wawili vinachanganyika, na watu wazima wamewahi kuvutana kiti mbele ya bibi-arusi. Tena kuna viti wagonjwa. Bonyeza mgongo wa kiti kwa mkono: kikirudi haraka ni kizima, kikifikiri kidogo ni mgonjwa. Kiti mgonjwa hukiweki mbele, wala hukitupi, kwa sababu Maman Zawadi haamini kwamba kiti kinaweza kufa. Unakipeleka nyuma kabisa, kwa vijana wembamba wasiokaa kwa muda mrefu.

Siku moja nilikosea. Shangazi wa bwana-arusi, mama mwenye afya yake, alikalia kiti mgonjwa katikati ya chakula. Hakikuvunjika kwa kishindo. Kilifungua miguu polepole, kama mbuzi aliyezaliwa sasa hivi anayejaribu kusimama, ila hiki kilikuwa kinaelekea chini. Yeye hakupiga kelele. Alishuka nacho kwa heshima mpaka ardhini, sahani mkononi, akaendelea kula wali. Mimi nikataka kukimbia nimwinue. Papa Kalisto akanishika shati.

"Usikimbie. Ukikimbia, batu bote bataangalia."

Akaenda akasimama mbele yake na sufuria kubwa mikononi, mgongo kwa watu, akijifanya anaulizia kama nyama imetosha. Akasimama hapo mpaka mama yule akamaliza wali, akapewa mkono na kuinuka taratibu. Nadhani mpaka leo hakuna mtu wa ile harusi anayejua, isipokuwa sisi watatu, na sasa ninyi.

Mtaniuliza kazi hii ina utamu gani. Mimi nitawaambia, maana tangu nikae kwenye meza yangu nimepata nafasi ya kuufikiria. Kwanza ni kutua. Aliyebeba mzigo mrefu haoni kitu isipokuwa kisigino cha aliye mbele yake. Anapanda, anapanda, anafika, anatua, na hapo shingo inarudi kuwa yake. Anageuka, analiona ziwa lote chini, na rasi za Ibanda zimelala majini kama vidole. Watu wenye nyumba nzuri kule chini wanalitazama ziwa lile kila siku kutoka dirishani. Sidhani wamewahi kuliona kama mimi nilivyoliona nikiwa na jasho machoni.

Pili ni ukoko wa wali. Tukirudi kuchukua sufuria, wapishi wanatuachia ukoko wa chini, mweusi upande mmoja na wenye mafuta upande mwingine. Wageni wa heshima hawaujui. Tatu ni chai ya kilio. Kwenye harusi mtu anapima sukari. Kwenye kilio anayepika chai analia, anasahau kama ameshatia, anatia tena. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikunywa chai tamu popote kama nyumbani kwa waliofiwa, na nimewashukuru marehemu wengi ambao sikuwajua wakiwa hai.

Na hapo nafika kwenye siku ambayo Papa Kalisto aliniambia niwasimulie wote watakaokuja nyuma yangu.

Maman Zawadi ana sheria moja: kilio hakikataliwi. Hata kama viti vimeshaahidiwa kwingine, mtu akija na kusema amefiwa, viti vinakwenda. "Bibi-arusi anaweza kungoja," anasema. "Mufu hangojake." Papa Kalisto aliitetea sheria hiyo kwa miaka mingi mbele ya baba za maharusi waliokuja juu. Halafu zamu yake ikafika.

Binti yake Nsimire alikuwa amepatana na kijana wa kijiji cha Miti anayeleta kabichi kwenye soko la Kadutu. Kijana mpole, ila alikuwa na baba mkubwa, Muzee Ntaboba, msemaji wa ukoo wao, mtu wa kofia na fimbo. Muzee huyo alikuwa amekuja mara ya kwanza kuongea habari za mahari, akaonja kasiksi, akasema pombe ile ya ndizi ni changa na inamdharau, akarudi Miti na watu wake wote. Sasa alikubali kuja mara ya pili. Alituma neno kabisa kwamba akirudi tena bure, hatashuka mara ya tatu, na kijana atatafutiwa mchumba karibu na nyumbani. Nsimire alilia, kisha akapika kasiksi yeye mwenyewe.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi. Alhamisi akafa fundi viatu wa juu ya mtaa, mtu aliyeheshimiwa, na viti vyote vikaombwa. Maman Zawadi akamtazama Papa Kalisto. Papa Kalisto akatazama chini, akasema, "Pelekeni." Alihesabu kwamba maziko ni Ijumaa na viti vitarudi mapema. Lakini Ijumaa mvua ilinyesha kutwa nzima, maziko yakasogezwa mpaka Jumamosi asubuhi, na watu wakarudi kutoka makaburini saa ileile wageni wa Miti walipokuwa wanashuka kwenye basi. Tukaenda kwa majirani kuazima. Nao viti vyao vilikuwa vimeitwa kilioni, hata stuli za jikoni.

Wageni wakaingia uani. Papa Kalisto alikuwa kwenye suti yake, na shingo yake ilikuwa imezama kuliko siku zote.

"Karibuni, karibuni. Mumefika."

Muzee Ntaboba akatazama ua mzima. Ulikuwa umefagiwa vizuri, na ndani yake hapakuwa na kiti hata kimoja.

"Bado," akasema. "Hatuyafika."

"Lakini muko hapa, muzee."

"Tunasimama hapa. Mutu anafika wakati anaikala. Kwetu mugeni mwenye hayaikala iko ni mupita njia."

Ndugu wa Papa Kalisto, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, akatandika mkeka mzuri juu ya tope, akaonyesha kwa mikono miwili.

"Mukeka iko ya kilio," Muzee Ntaboba akasema. "Hapa kwenu kunakufa nani?"

Mzee akaegemea fimbo yake, watu wake wakasimama nyuma yake kama foleni ya maji, na kijana wa kabichi akawa anatazama viatu vyake. Mzee akasema ataangalia basi lingine la kurudi linapita lini. Dirishani niliona pazia linatikisika. Nilijua ni Nsimire.

Papa Kalisto akanivuta nyuma ya nyumba. "Panda kwa kilio. Omba viti, hata kidogo. Sema na batu."

"Niseme nini, papa?"

"Sema vile iko."

Kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nilipanda mbio bila mzigo, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika yakaisha. Wanaume walikuwa wamejaa chini ya turubai letu, kwenye viti vyetu, nami nikasimama kando ya uzio nikiwatazama. Mwanaume mmoja mwenye koti akaniona nimekunja uso, akadhani nina uchungu wa msiba.

"Pole, kijana. Ikala." Akanisukumia kiti, nikakaa. Akaleta chai na maharagwe, nikala, maana kukataa chakula cha kilio ni vibaya. "Ulikuwa unamujua muzee?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Hata mimi," akaninong'oneza. "Niko jirani wa shemeji yake. Lakini chai iko muzuri."

Nilikuwa nimeanza kusahau nilichotumwa. Aliyeniokoa ni mjane, Maman Furaha. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni pamoja na wanawake wengine, amefunga kitenge kichwani, na aliwajua wote waliokuja isipokuwa mimi.

"Wewe kule. Uko mutoto ya nani?"

Watu wote wakageuka. Nikasimama na kikombe mkononi. Nikasema.

"Sisikie."

Nikasema tena.

"Mutoto, bwana yangu anakufa, si masikio yangu. Sema."

Ndipo ikatoka yote kwa pamoja: Papa Kalisto, Nsimire, mzee wa Miti, basi la kurudi, na kwamba wageni wamesimama kwenye tope kwa sababu viti viko hapa. Yule mwanaume wa koti akakishika kiti chake kwa mikono miwili.

"Viti ya kilio haiondoke," akasema. "Hatuyamaliza."

"Mimi niko hapa chini tangu ile siku," Maman Furaha akasema, "na sikufe. Kalisto njo alileta hii viti kwa kichwa yake, na binti yake anangoja. Simameni. Kila mutu na kiti yake. Mukimaliza, murudishe."

Wakaanza kuinuka wakinung'unika. Wengine wakauliza kama kutakuwa na kasiksi. Nikasema ipo, na kuinuka kukawa kwepesi. Mjane akawaita tena.

"Musishuke kimya. Batu batasema munaiba viti ya kilio. Muimbe."

Wakaimba. Lakini watu waliokesha wakiimba kilio wanaimba nini? Walibeba viti vichwani, wakashuka mlima kwa mstari mrefu, na nyimbo zilezile za maziko, sauti nzito za wanaume mbele na wanawake wanaitikia nyuma. Waliokuwa njiani walisimama, wakavua kofia. Mimi nilikuwa mwisho na viti vyangu, filimbi mdomoni, nikiona haya kuipuliza.

Tulipokaribia, wale wa uani walisikia nyimbo kabla ya kutuona. Haya nayaeleza kama nilivyoelezwa baadaye na Nsimire, aliyekuwa dirishani. Wageni wa Miti walitazamana. Nyimbo zikazidi kuja. Mstari ukaingia kwenye lango, watu wenye macho mekundu, wakiimba. Muzee Ntaboba alimtazama Papa Kalisto, akaona uso wake umekuwa kama majivu, maana Papa Kalisto mwenyewe alikuwa hajui kinachoendelea. Mzee akavua kofia.

"Aa, ndugu yangu," akasema taratibu. "Uko na kilio, na haukutuambia."

Na kwa sababu kwenye kilio hakuna anayengoja kukaribishwa, akakunja magoti, akaketi kwenye mkeka uliokwisha kulowa tope. Watu wake wote wakaketi pamoja naye, waliokosa mkeka wakaketi kwenye tope na suti na vitenge vyao. Nasi tukaingia, na kila mmoja wetu akatua kiti chake na kukikalia, kama tulivyozoea. Basi wakawa wageni wako chini, waombolezaji wako juu, wote wakitazamana kwa huzuni kubwa, na hakuna aliyejua nani amekufa.

Msemaji wetu ndiye aliyezinduka kwanza.

"Bageni baliikala," akasema. "Tunashukuru Mungu. Mulifika."

Muzee Ntaboba akatazama alipokaa. "Apana. Hapa niliikala kwa kilio."

"Kilio iko kule juu, muzee. Kwa fundi viatu. Hapa hakuna mwenye kufa. Uliikala kwetu, kwa mukeka yetu, na miguu yako yote mbili."

Mzee akageuka kwa wenziwe, na wenziwe walikuwa wanauma midomo. Kijana wa kabichi ndiye aliyeshindwa. Kicheko kilimtoka puani. Kisha wakacheka wa Miti, kisha sisi, na kutoka ndani ya nyumba nikasikia kicheko cha Nsimire kikipita vyote. Mzee akajikaza kadiri alivyoweza. Mwisho akanyoosha mkono.

"Basi munipe kiti," akasema, "kabla haiyakufa mutu kweli."

Mwanaume wa koti ndiye aliyemwachia chake. Nilikigeuza kwanza nikaona doa jekundu, nikabonyeza mgongo, kikarudi haraka. Kasiksi ikaletwa, mzee akaonja, akaonja tena, kisha akasema hii sasa imekomaa. Wakaongea ng'ombe wa mahari, wakabishana, wakapatana. Wale wa kilio walitoa maoni juu ya kila jambo, ingawa hakuna aliyewauliza.

Yalipokwisha, watu wa mtaa wakaanza kubeba viti kuvirudisha. Muzee Ntaboba akauliza ni vya nani. Papa Kalisto akamweleza habari ya mjane, aliyewainua watu wake mwenyewe ili binti wa mwingine aposwe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alimpa kijana wa kabichi fimbo yake, akaomba ngata, na Papa Kalisto akamwekea kiti kimoja kichwani. Nilitaka kumwambia habari ya kiti kimoja, lakini haya ikanishika. Alipanda nacho bila kuteleza, watu wa Miti wote nyuma yake na viti vyao, suruali zimejaa tope nyuma.

Kule juu Maman Furaha alimwona mgeni wa kofia anaingia na mzigo. Akawaambia watoto wampokee na wampe nafasi nzuri chini ya turubai. Muzee Ntaboba akatua kiti, akashika mgongo wake, akalitazama ziwa kidogo. Kisha akakisukuma kile kiti pembeni.

"Asante, maman. Leo nilishazoea chini."

Akaketi kwenye mkeka wa mlangoni. Maman Furaha akatazama tope lililokauka kwenye suruali yake ya suti, akaweka kitenge mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanawake wakamshika wakidhani analia. Alikuwa anacheka; kulia alilia kweli, lakini baadaye kidogo. Akapangusa macho, akajivuta, akamwongezea mzee nafasi kwenye mkeka, akaagiza chai.